Nukta Moja, Majua Mawili: Kwa Nini Kuna Nyota Zinazofifia na Kurudi

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa, nilikuwa Mama Ngina, hapa Mombasa, ukingoni mwa bahari pamoja na watu wengi waliotoka na watoto wao kutazama. Tangu saa mbili na nusu hadi karibu saa nne mwezi ulikaa mwekundu kama sufuria ya shaba. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo aliliacha karai lake kidogo, akatazama juu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na nyota nazo hupatwa?"

Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja akadakia. Nyota haipatwi, alisema. Nyota hufifia, na ikififia basi mwenye nyota hiyo mambo yake yameingia giza. Watu wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikamjibu yule mama kwa ufupi kwamba ndiyo, zipo nyota zinazopatwa, na kwa kupatwa huko watu huweza kujua ukubwa wake, joto lake na hata uzito wake. Akaniangalia kama mtu anayesubiri maelezo. Maelezo ya kumtosha sikuwa nayo pale. Tangu siku ile nimekuwa nikiyatafuta, na makala haya ni jibu lake.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Kwa Kiswahili nyota ni ile nukta ya mwanga iliyo juu, na pia ni bahati ya mtu. Pita Mwembe Tayari au Kongowea, hukosi kuona kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo kikitangaza kusafisha nyota. Maana hizi mbili zimekaa pamoja miaka mingi na lugha haina kosa. Shida huja tunapozichukua habari za ile bahati tukazibandika juu ya ile nukta. Nyota ya mbinguni ni jua. Jua letu ni nyota tuliyo karibu nayo, na kila nyota ni jua lililo mbali mno. Haina mtu wake.

Na sisi wa pwani jambo hili tulishalipata jibu zamani. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume mwenyewe, akiwa ndani ya majonzi ya kufiwa na mtoto, akawasahihisha: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Sioni kwa nini nyota ziwe na hukumu nyingine.

Basi mwanga wa nyota hubadilika kwa sababu gani? Zipo sababu nyingi, na tatu kati ya hizo ndizo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kumetameta. Huko ni kazi ya hewa yetu, kama taa za ng'ambo ya Likoni zinavyotikisika ukizitazama kupitia mvuke wa jiko. Nyota yenyewe imetulia; kinachocheza ni hewa iliyo kati yake na jicho lako. Ya pili ni nyota kubadilika yenyewe, au kufunikwa na kitu ilichokitoa. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 nyota nyekundu ya Betelgeuse, iliyo begani mwa kundinyota la Orion, ilififia hadi watu wakauona upungufu huo kwa macho matupu, na habari zikaenea kwamba iko karibu kulipuka. Haikulipuka. Ilikuwa imetoa gesi nyingi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaikinga. Baada ya miezi michache ikang'aa tena. Ya tatu ni kupatwa, na alama yake ni ratiba. Nyota inayopatwa hufifia kwa saa zilezile, kiasi kilekile, ikarudi, na mara ijayo unaweza kuitangaza mapema kama unavyotangaza maji kujaa.

Sasa maneno manne tutakayoyatumia. Nyota mbili zinazozungukana kwa mvutano wao tunaziita nyota pacha, na mbinguni ni nyingi. Baadhi yake zimekaa kwa namna ambayo njia ya mzunguko wao tunaiona kwa ubavu, kama sinia lililoinuliwa hadi usawa wa macho, kwa hiyo kila moja hupita mbele ya mwenzake kwa zamu. Hizo ni nyota pacha za kupatwa. Ziko mbali kiasi kwamba hata kwa darubini kubwa kwa kawaida huonekana nukta moja tu. Ukipima mwanga wa nukta hiyo kila baada ya muda ukauchora, saa zikienda kulia na mwanga ukipanda juu, unapata grafu ya mwanga. Na modeli ni nyota mbili za kihesabu unazozizungusha ndani ya kompyuta, ukaona zingetoa grafu gani, kisha ukailinganisha na ile iliyopimwa kweli.

Kichwa cha Ghuli

Nyota iliyofungua mlango wa elimu hii inaitwa Algol. Jina hilo limetoka katika Kiarabu, ra's al-ghul, na sikio la pwani halihitaji mkalimani: rasi ni kichwa, ghuli ni zimwi. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hufifia kwa muda wa saa tano hivi, ikabakiwa na pungufu ya theluthi moja ya mwanga wake, kisha ikarudi kwa saa nyingine tano. Mtaliano Geminiano Montanari aliandika mwaka 1667 kwamba inabadilika. Ratiba yake ilipatikana baadaye, na aliyeipata alikuwa kijana mdogo.

John Goodricke wa mji wa York, Uingereza, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mwezi Novemba 1782, akiwa na miaka 18, aliiona Algol imepungua, na hakuiachia tena. Usiku baada ya usiku alilinganisha mwanga wake na nyota za jirani kwa macho. Mwaka 1783 alitoa ratiba yake pamoja na sababu mbili zinazowezekana: ama kuna kitu chenye giza kinachoizunguka na kupita mbele yake, ama nyota yenyewe ina upande wenye madoa na inajizungusha. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya Copley. Alifariki mwaka 1786, na miaka yake ilikuwa 21. Nimemtaja kwa kirefu kwa sababu wanafunzi wangu wengi huamini kwamba elimu ya nyota huanza na darubini ya mamilioni ya shilingi. Yake ilianza na dirisha, saa, na uvumilivu.

Angalia pia kwamba alitoa majibu mawili kwa kitendawili kimoja. Yote mawili yanafifisha nyota kwa ratiba. Ilibidi kungoja hadi 1889 kwa jibu kupatikana, na tutafika hapo.

Meli na ngalawa

Grafu ya nukta moja inatuambiaje ukubwa wa vitu viwili ambavyo hatuvioni? Rudi Mama Ngina mchana, meli ya kontena ikiingia Kilindini. Nyuma yake kuna ngalawa imetia nanga. Pua ya meli inagusa ngalawa, ngalawa inazama nyuma ya chuma kidogo kidogo, inapotea yote, inakaa imepotea, kisha inaanza kuchomoza upande wa pili hadi inaonekana nzima. Tuseme umeshika saa. Tangu mguso wa kwanza hadi ngalawa kuwa huru kabisa, meli imesogea urefu wake kujumlisha urefu wa ngalawa. Muda ambao ngalawa ilikuwa imefichwa yote, meli imesogea urefu wake kutoa urefu wa ngalawa.

Kwa nyota ni vivyo hivyo, ila badala ya urefu ni kipenyo. Chukua mfano wa kujifunzia tu: kupatwa kote kumechukua saa 12, na katikati yake mwanga umekaa chini bila kubadilika kwa saa 4. Jumla ya vipenyo ni mara tatu ya tofauti yake. Namba zinazotimiza hilo ni 2 na 1. Nyota moja ina kipenyo mara mbili ya mwenzake, na umejua hivyo bila kujua meli inakwenda kasi gani wala iko umbali gani.

Hilo ni kama zimepita katikati kwa katikati. Zikikwaruzana ukingoni tu, grafu haina sakafu bapa. Inashuka na kupanda kama herufi V. Algol iko hivyo: mzunguko wake umeinama kidogo, nyota angavu haifichwi yote.

Karabai na jiko la mishkaki

Hapa ndipo penye uzuri wenyewe, na hapa ndipo karibu kila mtu hukosea mara ya kwanza.

Katika mzunguko mmoja kuna kupatwa mara mbili. Mara ya kwanza A iko mbele ya B, mara ya pili B iko mbele ya A. Kwa hiyo grafu ina mashimo mawili, na mara nyingi moja ni refu kuliko jingine. Uliza darasani shimo refu ni la wakati gani, utajibiwa: wakati nyota kubwa imefichwa. Sivyo. Shimo refu ni la wakati nyota yenye joto zaidi imefichwa, hata kama ni ndogo.

Fikiria usiku, vitu viwili vinazungukana mbali baharini. Kimoja ni karabai, ndogo, nyeupe, inaumiza macho. Kingine ni jiko pana la mishkaki lililojaa makaa mekundu, na kipenyo chake ni mara mbili ya karabai. Kwa hiyo eneo la jiko ni mara nne ya eneo la karabai. Tuseme karabai inatoa mwanga wa vipimo 90 na jiko vipimo 10. Jumla ni 100.

Jiko likipita mbele, karabai yote inafichwa. Umepoteza 90, umebaki na 10. Karabai ikipita mbele ya jiko, inaziba eneo lililo sawa na lake mwenyewe, yaani robo ya jiko. Umepoteza 2.5, umebaki na 97.5.

Sasa tazama: mara zote mbili eneo lililozibwa ni lilelile, eneo la kitu kidogo. Kilichotofautiana ni ukali wa mwanga wa eneo hilo. Gawanya 90 kwa 2.5, unapata 36. Kila kipande cha karabai kinang'aa mara 36 kuliko kipande cha jiko chenye upana uleule. Na kwa kuwa joto likiongezeka mara mbili (likihesabiwa kuanzia sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa) mwanga wa kila kipande huongezeka mara kumi na sita, mara 36 ni karibu mara mbili na nusu ya joto. Kutoka kwa kina cha mashimo mawili kwenye karatasi umepata uwiano wa joto la majua mawili ambayo hakuna aliyeyakaribia. Nimelifundisha jambo hili mara nyingi na bado hunisisimua.

Shimo la pili la Algol ni dogo mno, asilimia chache tu ya mwanga, na jicho haliwezi kuliona. Joel Stebbins wa Marekani alilipata mwaka 1910 kwa kipimo cha umeme kilichotengenezwa kwa madini ya seleni. Hadi siku hiyo watu waliweza kudhani kwamba mwenzake Algol ni mpira wa giza. Shimo lile dogo lilionyesha kwamba naye anatoa mwanga: ni jiko, makaa yake yanawaka.

Bamvua juu ya nyota

Mvuvi wa Mtongwe hahitaji kuambiwa kwamba mwezi huvuta bahari. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Mwezi una uzito wa sehemu 1 kati ya 81 za dunia, uko kilomita 384,400, na bado unaweza kufanya hivyo.

Weka badala yake jua zima, karibu kabisa na jua jingine. Hapo hakuna bahari ya kuinuka. Nyota yenyewe inavutika ikawa kama yai, ncha ikimwelekea mwenzake. Ukiliona yai kwa ubavu eneo lake ni kubwa, ukiliona kwa ncha eneo ni dogo. Kwa hiyo hata wakati hakuna kupatwa, mwanga hupanda na kushuka taratibu, mara mbili kwa kila mzunguko. Juu ya hayo, upande wa nyota baridi unaotazama nyota ya moto hupashwa ukang'aa zaidi, kama uso wa mpishi mbele ya jiko. Nyota nazo huwa na madoa. Na kila nyota ukingoni mwake hung'aa kidogo kuliko katikati, kwa hiyo shimo la grafu halianzi kwa kona kali.

Zipo pacha zilizokaribiana hadi zimegusana, zimevaa vazi moja la gesi, zinamaliza mzunguko kwa saa chache. Nyota iitwayo W Ursae Majoris huzunguka kwa saa 8 tu. Grafu yake haina pahali popote palipo bapa. Ni wimbi juu ya wimbi.

Ukichanganya haya yote, hesabu ya karabai na jiko haitoshi tena. Ndiyo maana modeli zikahitajika.

Modeli si kubuni

Neno hili limeleta ugomvi. Nimesikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema: "Hao hawajaona kitu, wametengeneza modeli tu," kana kwamba modeli ni hadithi ya kujifurahisha. Nieleze inavyofanywa, kisha kila mtu apime.

Unaanza kwa kukisia: kipenyo cha kila nyota, joto, uwiano wa uzito, mwinamo wa mzunguko. Kompyuta inajenga nyota hizo, si kama mipira bali kwa umbo ambalo mvutano na mzunguko vinalazimisha. Uso wa kila nyota unagawanywa vigae vidogo, maelfu. Kwa kila hatua ya mzunguko inahesabiwa ni vigae gani tunaviona, vipi vimefichwa, kila kimoja kinatoa mwanga kiasi gani. Vinajumlishwa. Grafu inatoka. Unaiweka juu ya grafu ya nyota halisi, unaona ilipokosea, unabadilisha makisio, unarudia. Mara elfu, mara laki. Kisio lisilolingana na vipimo linatupwa. Bahari ya Kilindini haituulizi kitu, lakini jedwali la maji kujaa na kupwa likikosea, meli inakwama, na jedwali linarekebishwa. Modeli ya nyota inaishi kwa sheria hiyohiyo.

Mmarekani Henry Norris Russell alionyesha njia ya kuzihesabu grafu hizi kwa mkono mwaka 1912, akizichukulia nyota karibu kama mipira. Mwaka 1971 Robert Wilson na Edward Devinney walitoa programu ya kompyuta inayozipa nyota umbo lake la kweli, na kazi nyingi za leo zimejengwa juu ya msingi huo. Programu iitwayo PHOEBE, iliyoanza kutolewa mwaka 2005, ni ya bure. Vipimo vya setilaiti ya TESS, iliyorushwa Aprili 2018, navyo viko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa Tudor au Changamwe mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchukua grafu ya nyota halisi leo usiku akaanza kuisoma. Hilo natamani kila mwalimu wa fizikia alijue.

Lakini nisifiche ugumu. Kuna wakati majibu mawili tofauti hutoa grafu ileile. Nyota kubwa zinazokwaruzana ukingoni zinaweza kufanana na nyota ndogo zinazopita katikati. Na kukiwa na nyota ya tatu karibu, mwanga wake unaongezeka chini ya grafu yote, shimo linaonekana fupi kuliko lilivyo, kama maji yaliyotiwa kwenye chai. Algol ina ya tatu hasa, inayozunguka zile mbili kwa siku 680 hivi. Mtu anayejua kazi yake hukupa jibu pamoja na kiwango chake cha shaka, na huyo ndiye wa kuaminiwa.

Mizani

Grafu peke yake hutoa uwiano tu. Ni kama picha ya jahazi isiyo na mtu ndani yake: unajua mlingoti ni mara ngapi ya tanga, hujui ni mita ngapi. Ili kupata kilomita na uzito unahitaji kasi. Gari lenye king'ora likikujia sauti huwa nyembamba, likikupita huwa nzito. Mwanga nao hufanya hivyo kwa rangi. Ukiutawanya mwanga wa nyota katika rangi zake, alama zilizomo husogea kidogo nyota ikija kwetu na kusogea upande wa pili ikienda zake. Mwaka 1889 Hermann Carl Vogel, akiwa Potsdam, Ujerumani, alizikuta alama za Algol zikisogea kwa ratiba ileile ya kufifia. Nyota yenye madoa tu isingefanya vile. Kati ya majibu mawili ya Goodricke, moja likafa, miaka 103 baada ya yeye kufariki.

Leo tunajua nyota angavu ya Algol ina uzito wa zaidi ya majua matatu, na mwenzake ni pungufu ya jua moja, japo kwa upana mwenzake ndiye mkubwa. Umbali kati yake hauzidi kilomita milioni 10 hivi, wakati sayari ya Utaridi iko kilomita milioni 58 kutoka kwa jua letu. Hapo pakazuka fumbo lililowasumbua wataalamu: nyota nzito huzeeka haraka, lakini kwa Algol ile nyepesi ndiyo iliyozeeka na kuvimba. Ni sawa na kukuta mdogo mtu ana mvi, kaka yake bado kijana. Jibu ni kwamba hiyo nyepesi ndiyo iliyokuwa nzito zamani. Ilipovimba, gesi yake ikaanza kumwagikia mwenzake, hadi aliyekuwa mwepesi akawa mzito.

Na kwa wanaosema hakuna aliyeona: mwaka 2012 zilichapishwa picha za Algol zilizopatikana kwa kuunganisha darubini za kituo cha CHARA zilizoko Mlima Wilson, California. Nyota zote tatu zilionekana, na ile iliyovimba ilikuwa imevutika umbo, kama modeli zilivyokuwa zimesema.

Uhuru

Yule mama wa mihogo hakuniuliza habari hii, lakini ningemwambia kabla ya nyingine zote, maana ni yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei, na ikapewa jina la Uhuru.

Uhuru ilikuta kitu katika kundinyota la Centaurus kinachopiga kama moyo kila sekunde 4.8. Kisha, kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi, mapigo yalizimika kwa karibu nusu siku, yakarudi. Bila shaka unajua sasa ni nini. Ni kupatwa. Kitu kinachopiga ni nyota ya nyutroni, mzoga wa nyota iliyolipuka, mdogo kama mji lakini mzito kuliko jua, na kila mzunguko hupita nyuma ya mwenzake mkubwa aliyejaa gesi. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Njia aliyoanzisha kijana kiziwi dirishani York ilitumika tena kwa chombo kilichopaa kutoka maji haya haya wanayovua watu wa Malindi.

Njia hiyo sasa hupima hata mbali zaidi. Kwa pacha 20 za kupatwa, wataalamu walitangaza mwaka 2019 umbali wa Wingu Kubwa la Magellan, kundi la nyota lililo jirani ya letu: karibu miaka ya nuru 162,000 (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima), kwa shaka ya asilimia 1 tu.

Ukitaka kuiona Algol mwenyewe, subiri Desemba. Saa tatu na nusu usiku, pahali pasipo na taa nyingi, elekea kaskazini. Juu utaona Kilimia, kile kishada ambacho wazee walikitumia kupanga kilimo. Shuka kutoka Kilimia kuelekea upeo wa kaskazini, ukisogea kidogo kushoto, hadi kama nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Algol iko hapo. Kushoto kwake kuna nyota nyingine angavu, Almach, na siku za kawaida zinalingana kabisa. Siku utakayoikuta Algol imepungua kwa wazi, andika saa. Ikiwa imefifia kabisa saa sita usiku wa kuamkia Jumanne, itafifia tena Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi na moja usiku. Toka nje uitazame.